Kompyuta Isiyoona Mtandao: Kuitafuta Hitilafu kwa Utaratibu wa Kisayansi

Kompyuta mpakato, yaani ile iwezayo kubebwa na kutumiwa juu ya mapaja, huunganishwa na intaneti kwa mawimbi ya redio bila kuhitaji waya. Hutokea, hata hivyo, kwamba orodha ya mitandao iliyozoeleka kuonekana kwenye kioo huwa tupu kabisa. Aghalabu mwenye kompyuta huamua mara moja kwamba chombo kimekufa, akaanza kutafuta fedha za kununua kingine. Katika shule yenye kompyuta chache na wanafunzi wengi, uamuzi wa haraka kama huo ni hasara kubwa, kwa sababu chanzo cha hitilafu chaweza kuwa swichi ndogo iliyoguswa bila kukusudiwa.

Yafaa kutofautisha kwanza hali tatu ambazo huchanganywa. Kompyuta yaweza kukosa kuona mtandao wowote. Yaweza kuuona mtandao lakini ikashindwa kujiunga nao. Au yaweza kujiunga nao lakini intaneti isipatikane. Hali ya pili mara nyingi hutokana na neno la siri lisilo sahihi, na ya tatu hutokana na tatizo lililo nje ya kompyuta, kama vile muda wa malipo kwisha. Hapa inachunguzwa hali ya kwanza peke yake.

Jinsi kompyuta inavyouona mtandao

Mawimbi yatumiwayo ni ya jamii ileile aliyoionyesha Heinrich Hertz katika maabara yake huko Karlsruhe, Ujerumani, mnamo mwaka 1888. Kanuni za kwanza za mitandao ya namna hii, ambayo watu huiita waifai, zilitolewa mwaka 1997 na chama cha wahandisi kiitwacho IEEE. Mitandao mingi hutumia masafa ya karibu gigahezi 2.4, yaani mitetemo bilioni 2.4 kwa sekunde. Mwanafunzi wa fizikia aweza kupata urefu wa wimbi kwa kugawanya mwendo wa nuru, ambao ni mita 300,000,000 kwa sekunde, kwa idadi hiyo ya mitetemo. Jibu ni mita 0.125, au sentimita 12.5. Mitandao mingine hutumia masafa ya gigahezi 5, ambayo mawimbi yake yana urefu wa sentimita 6 hivi.

Chombo kinachogawa mtandao huitwa ruta. Kazi yake yaweza kulinganishwa na ile ya mpiga mbiu wa kijiji. Karibu mara 10 katika kila sekunde, ruta hutangaza ujumbe mfupi wenye jina la mtandao na masharti ya kujiunga nao. Kompyuta nayo hupita katika kila njia ya masafa, ikasikiliza kwa sehemu ndogo ya sekunde, kisha ikaendelea na njia inayofuata. Kila jina linalosikika huandikwa katika orodha.

Kutokana na maelezo hayo, orodha tupu ina maana moja kati ya hizi: hakuna mbiu inayopigwa, mbiu inapigwa lakini haifiki, sikio la kompyuta limezimwa au limeharibika, sikio ni zima lakini linasikiliza njia nyingine, au programu haipokei kile ambacho sikio limesikia. Kazi ya mchunguzi ni kuondoa uwezekano mmoja baada ya mwingine, akianza na ule ulio rahisi kupimwa.

Hatua za uchunguzi

Hatua ya kwanza ni kuchukua simu na kuiweka kando ya kompyuta. Simu ikikosa mtandao pia, kosa haliko katika kompyuta: ruta imezimika, au iko mbali, au kuta nene na mabati yamezuia mawimbi. Simu ikiona mitandao mingi na kompyuta isione hata mmoja, kosa limo katika kompyuta. Kompyuta ikiona mitandao mingine lakini ikakosa mmoja tu, basi sikio lake ni zima, na sababu hutafutwa katika masafa au katika mipango ya ruta, ambayo yaweza kuwa imeamriwa kuficha jina lake.

Hatua ya pili ni kutazama swichi. Kompyuta nyingi zina kitufe katika safu ya juu ya kibodi chenye picha ya ndege au ya mnara unaotoa mawimbi, na baadhi ya zile za zamani zina swichi ndogo ya kusukuma ubavuni. Kitufe hicho huzima redio zote za kompyuta, kama inavyotakiwa kwa msafiri aliye ndani ya ndege. Kinapoguswa kwa bahati mbaya, mitandao yote hutoweka mara moja.

Hatua ya tatu ni kuizima kompyuta na kuiwasha upya. Katika kompyuta nyingi zenye Windows, tangu toleo la 8 la mwaka 2012, amri ya kuzima haifuti kumbukumbu zote. Sehemu ya mfumo huhifadhiwa ili kompyuta iwahi kuwaka. Hivyo kosa laweza kuhifadhiwa pamoja nayo. Amri ya kuwasha upya ndiyo inayouanzisha mfumo wote tangu mwanzo, na ndiyo ipasayo kutumika.

Hatua ya nne ni kuangalia draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuelewana na kifaa chake cha redio. Katika orodha ya vifaa vya kompyuta, kifaa hicho chaweza kuonekana kikiwa na alama ya mshangao. Alama hiyo aghalabu huonyesha kwamba kifaa kipo lakini draiva ina kasoro, jambo ambalo hutokea hasa baada ya mfumo kuwekwa upya. Dawa ni kuipata draiva kutoka kwa mtengenezaji wa kompyuta kwa kutumia kompyuta nyingine, au kwa kuunganisha waya wa mtandao. Ikiwa kifaa hakimo kabisa katika orodha hiyo, huenda kimezimwa katika mipango ya msingi ya kompyuta, kimelegea mahali pake, au kimeungua.

Hatua ya tano ni antena. Katika kompyuta nyingi, antena hufichwa kando ya kioo, na nyaya zake nyembamba hupita katika bawaba hadi kwenye kifaa cha redio. Kioo kinapobadilishwa, fundi aweza kusahau kuzirudisha nyaya hizo. Dalili yake ni dhahiri: kompyuta huiona ruta ikiwa karibu sana, lakini ikisogezwa hatua chache mtandao hupotea.

Tofauti za nchi na za miaka

Masafa ya gigahezi 2.4 yamegawanywa katika njia zenye namba. Katika nchi nyingi hutumika njia 13, lakini huko Marekani vifaa kwa kawaida hutumia njia ya 1 hadi ya 11. Kwa hiyo kompyuta iliyotengenezwa kwa soko la Marekani, ikiletwa Afrika Mashariki kama mtumba, yaweza kushindwa kuiona ruta inayotumia njia ya 12 au ya 13, ingawa ni nzima kabisa. Vivyo hivyo, kompyuta ya zamani yenye redio ya gigahezi 2.4 peke yake haiwezi kuona mtandao wa gigahezi 5. Katika hali zote mbili kinachorekebishwa ni ruta: hupangiwa njia ya 1, 6 au 11, au huruhusiwa kutumia masafa ya gigahezi 2.4.

Jaribio kwa wanafunzi

Simu inayogawa mtandao iwekwe ndani ya sanduku la bati, mfano wa yale yatumiwayo na wanafunzi wa bweni, na kompyuta iwekwe hatua tano kutoka hapo. Wanafunzi waandike nguvu ya mtandao inayoonyeshwa sanduku likiwa wazi, likiwa limefungwa nusu, na likiwa limefungwa kabisa. Watakuta kwamba mawimbi hupungua, lakini huenda yasiishe. Mwalimu awaulize kwa nini, na awaongoze kupima urefu wa upenyo ulio chini ya kifuniko na kuulinganisha na sentimita 12.5. Bati huzuia mawimbi, lakini upenyo mrefu huyapitisha, hata ukiwa mwembamba kama ukucha.

Utaratibu uliotumika hapa hauhusu kompyuta peke yake. Daktari, fundi wa magari na mkulima anayechunguza mahindi yaliyonyauka hufuata njia hiyohiyo: kutambua dalili kwa usahihi, kuorodhesha sababu ziwezekanazo, na kupima moja moja bila kubadilisha mambo mawili kwa wakati mmoja. Mwanafunzi aliyezoea utaratibu huo hataitupa mashine ambayo kosa lake lilikuwa ni kitufe.