Kofia na Chokaa

Wako katika jamaa zetu wa Lamu, na pia wa Mombasa na Unguja, waliorithi nyumba za mawe za wazee wao, na huku riziki yao yatoka katika kazi ya sindano. Hao hutuuliza neno moja kila mwaka: je, waiweke sindano chini mpaka nyumba itengenee, au waiache nyumba ingojee mpaka kofia zimalizike? Sisi twaona ya kuwa swali lenyewe limepinda. Katika nyumba nyingi tuzijuazo pesa za chokaa hutoka katika hizo kofia, na mwenye kuiacha sindano ameufunga mfereji unaolijaza birika lake mwenyewe. Lililobaki ni kujua lipi litangulie, mahali gani, na mwezi gani.

Tuanze na kofia, maana wengi huivaa wala hawajui inavyofanywa. Kofia ya viua iliyoshonwa kwa mkono ina vipande viwili vya nguo nyeupe: cha juu kilicho duara, na cha ubavu kinachozunguka kichwa. Huchorwa nakshi kwanza, kisha nguo hutobolewa vitundu vidogo vidogo, na kila kitundu huzungushiwa uzi ili mdomo wake usifumuke. Viua hivyo ni mamia katika kofia moja. Mshonaji ambaye pia hupika, hufua na kulea watoto hahesabu kuimaliza kofia nzuri kabla ya miezi miwili au mitatu, na ile ya nakshi ndogo kabisa huzidi hapo. Nguo hiyo haina msamaha. Tone la chai laonekana, vumbi laonekana, na ncha ya kidole iliyokwaruzika hunasa uzi na kuuchana.

Basi tazameni chokaa ni kitu gani. Ni mawe ya matumbawe yaliyochomwa juu ya rundo la magogo, kisha yakamwagiwa maji na kuachwa yalale. Na kadiri yalalavyo ndivyo chokaa inavyokuwa laini na njema. Lakini ina ukali: hula ngozi ya vidole, huikausha na kuipasua. Kwa ajili hiyo neno letu la kwanza ni hili, wala hatulilegezi: anayeshona asikoroge chokaa. Twajua ya kuwa katika nyumba zetu kila mtu hutia mkono, na binti akikaa amekunja miguu na kofia yake ilhali nduguze wanachukua mawe huonekana mvivu. Wazee na waseme mapema nani ni wa sindano na nani ni wa karai, ili pasiwe na manung'uniko. Binti huyo anajenga vilevile, kwa sindano.

Mama mmoja, mjane, mwenye binti wawili na mwana mmoja, alitujia chuoni baada ya masika ya mwaka 2024. Alikuwa akilipa kodi ya vyumba viwili, na nyumba ya babu yake ilikuwa imefungwa miaka mingi. Boriti saba za dari ya juu zilikuwa zimeoza vichwa, pale ziingiapo ukutani, na maji yalikuwa yakishuka mpaka ndani. Tena alikuwako mnunuzi wa kutoka ng'ambo aliyekuwa tayari kuichukua nyumba kama ilivyo. Akatuambia, "Maalim, masika moja zaidi na ukuta utakwenda. Niuze, au nishone?" Tukamjibu, "Bibi, kwanza tuhesabu miezi, ndipo useme utauza."

Na kuhesabu miezi ndiyo kazi watu wengi waipuuzayo. Kofia hufuata mwezi wa mbinguni. Chokaa hufuata jua. Mwaka wetu una siku 354, au 355, basi Idd hurudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka, lakini masika hayarudi nyuma: huja Aprili, yakamwaga Mei, yakapungua Juni. Mwaka 2010 Idd-el-Fitri iliangukia Septemba, na aliyezibisha dari yake mwezi wa Februari alikuwa hana haraka yoyote ya sindano. Mwaka 2024 Idd hiyo iliangukia Aprili, na 2025 ikaangukia mwisho wa Machi. Maana yake kofia za watu zatakiwa ziwe tayari katika majuma yale yale ambayo dari nayo yatakiwa iwe imekwisha zibwa. Kwa hiyo mtu asiseme, "Bibi yangu alijenga wakati wa kaskazi, nami nitajenga wakati wa kaskazi." Bibi yake alikuwa na kalenda nyingine.

Tulilopatana na mama yule ni kwamba dari ishikwe mara tu Maulidi yatakapokwisha. Lamu hupata wageni wengi katika Maulidi na kofia huuzika. Yakipita, maagizo hupoa. Mwaka ule Maulidi yaliangukia Septemba. Alizouza ndizo zilizonunua boriti mpya za mikandaa. Mafundi wakaweka boriti, wakapanga mawe juu yake, wakamwaga chokaa na kokoto, kisha ikapigwa vipande siku baada ya siku mpaka ikashikana. Hapo yapasa kuangalia, maana chokaa ikikaushwa mbio na jua hupasuka; hufunikwa magunia na kunyunyiziwa maji. Tangu Novemba sindano ikachukua zamu yake, na kofia za Idd zikaanzwa kabla ya Rajabu, katika vile vyumba vya kupanga, mbali na vumbi.

Fundi mmoja alimshauri atumie saruji, ati ni upesi. Twamshukuru mama yule kwa kukataa. Kuta za nyumba hizi ni nene, zimejengwa kwa matumbawe na chokaa, nazo huvuta unyevu na kuutoa. Ukizipaka saruji unyevu hukosa njia, chumvi hukusanyika nyuma ya lipu, na lipu huanguka ikichukua na sehemu ya ukuta wa kale. Wala kazi ya nyumba kongwe si ya kuichezea. Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa mwaka 1883, sehemu yake ilianguka tarehe 25 Desemba 2020 hali ikiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafa. Nguzo za kuegemeza zitangulie kabla ya nyundo. Na kwa kuwa mji wa kale wa Lamu umo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2001, ni bora mtu aonane na watu wa Makumbusho kabla ya kubomoa chochote.

Sasa, wapi waanzie kuhamia? Karibu kila mtu hutaka kuanzia ndani, kwa sababu ndiko kuliko zidaka na nakshi za lipu. Sisi hatukubali. Vyumba vya kale ni virefu lakini vyembamba, upana wake haufiki mita 3, maana boriti ya mkandaa haiwezi kubeba zaidi. Na mwangaza huingia kutoka kiwanda, ule uwanja wa katikati, ukapita misana miwili ndipo ukafika ndani umechoka. Mshonaji wa viua akikaa huko atamaliza macho yake kabla ya kumaliza kofia. Sabule, chumba cha wageni kilicho juu, kina upepo na nuru, vumbi la chini halikifikii sana, na mara nyingi ngazi yake huanzia karibu na mlango. Hilo la ngazi lina uzito kwa watu wa nyumba zetu: wanawake hupanda na kushuka kwa stara bila ya kupita katikati ya mafundi. Dari ya juu ikisha kuwa imara, sabule itengenezwe mbele ya vyumba vyote, ipakwe chokaa, iachwe ikauke barabara, kisha kazi ya sindano iwe ya kwanza kuhamia, hata kabla ya vyombo vya jikoni. Mama wengine watatucheka kwa hili, lakini sufuria hazidhuriki kwa vumbi.

Kofia zenyewe zikae katika foronya safi, na foronya ndani ya kasha. Mafuta ya nazi ni mazuri kwa mikono iliyokauka, yapakwe usiku, na asubuhi mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa nguo.

Mama yule alihamia kabla ya masika ya mwaka 2025, wote wanne katika sabule na msana mmoja. Dari haikuvuja. Mnunuzi alirudi tena akaulizia, akakaribishwa kahawa. Ndani hakujafika fundi bado. Zidaka zimezibwa kwa magunia ili popo wasiingie, na katika foronya ya binti mkubwa mna kofia tatu, moja imebakiza ubavu.