VYUMA VIWILI KATIKA KIPANDE KIMOJA: TUJIHADHARI NA UNGA WAKE



Fundi wa atelie anajua: shaba na chuma zikiunganishwa kwa moto, mara nyingi kipande hupasuka pale kwenye maungano. Siku hizi kuna mashine inayojenga kipande kizima kwa unga wa madini. Mdomo wake unanyunyiza unga, mwali wa lazeri unauyeyusha, tabaka juu ya tabaka, kama mjenzi anavyopanga matofali. Wakibadilisha unga katikati ya kazi, kipande kimoja kinapata madini mawili.

Mwezi wa saba 2017, mafundi wa NASA kule Huntsville, Marekani, walijaribu kiwashio cha roketi kilichojengwa hivyo: shaba, sababu inapitisha joto upesi, na nikeli, sababu inavumilia moto mkali. Walikijaribu zaidi ya mara 30. Njia hiyo inatumiwa pia kuvika upya vyuma vya mashine vilivyolika, kwa ngozi ngumu yenye kobalti.

Kazi nzuri. Lakini unga huo si unga wa bukari! Punje ndogo sana hazionekani kwa macho, nazo zinashuka mpaka ndani ya mapafu. Kobalti inaweza kuleta pumu na kukausha mapafu. Nikeli inaleta mwasho wa ngozi. Mwaka 2022, wataalamu wa kimataifa waliweka kobalti kati ya vitu vinavyoelekea kuleta kansa.

Kwa hiyo:

1. Usipulize unga kwa hewa ya kompresa.
2. Vaa maski ya vumbi inayobana uso. Kitambaa si maski.
3. Unga wa aluminiamu au titani ukiwaka, usimwage maji: unaweza kulipuka. Tumia mchanga mkavu kabisa.
4. Usile wala usivute tumbako ndani ya atelie. Nawa kwanza.
5. Salopeti ibaki kazini. Mama, ikifika nyumbani usiikung'ute. Iloweke, kisha uifue mbali na nguo za watoto.

Kama kifua kinabana siku za kazi na kulegea siku ya mapumziko, usingoje. Njoo dispansari, utuambie unagusa unga gani.

Chuma kilicholika kinavikwa upya. Mapafu hayana kipande cha kubadilisha.