Vifaa Vilivyotumika na Vilima vya Itumbe

Vifaa tiba vya nyumbani ni vile ambavyo mgonjwa au mtu mwenye ulemavu huvitumia akiwa kwake, mbali na wodi na mbali na macho ya muuguzi: kiti cha magurudumu, magongo ya kwapani, fremu ya kutembelea, kiti chenye ndoo ya choo, kitanda kinachoinuka upande wa kichwa, godoro la kuzuia vidonda, mashine ya oksijeni. Vingi kati ya hivyo hudumu kuliko haja iliyovileta. Aliyevunjika paja huyaweka magongo kando mara mfupa unapounga, mtoto aliyepooza hukizidi kiti chake kabla rangi haijapauka, na mzee aliyekuwa akilala kwenye kitanda cha kuinuka hufariki na kukiacha kikiwa kizima. Hapo ndipo ilipozuka kazi ya kuvikusanya vifaa hivyo, kuvisafisha, kuvitengeneza na kumpa mhitaji wa pili au wa tatu, kazi ambayo katika nchi tajiri imekwisha kuwa na maghala na mafundi wake.

Nchini Marekani, kwa mfano, shirika la Friends of Disabled Adults and Children la jimbo la Georgia limekuwa likiifanya kazi hiyo tangu 1986, na mpango wa Wheels for the World, ulioanza 1994 chini ya shirika la Kikristo la Joni and Friends, hukusanya viti vilivyokwisha kutumika, huvipeleka magerezani ambako wafungwa huvikarabati, kisha huvisafirisha hadi nchi nyingine pamoja na wataalamu wa kuwapima watakaovitumia. Wagusii wa magharibi mwa Kenya walio ughaibuni hawako mbali na wingi huo wa vifaa. Jamii kubwa ya watu waliotoka Kisii na Nyamira imefanya makao katika jimbo la Minnesota, na wengi wao wameajiriwa katika uuguzi na katika nyumba za kutunzia wazee, mahali ambapo fremu za kutembelea na viti vya magurudumu huonekana kila siku na hubadilishwa mara kwa mara. Si ajabu basi kwamba wazo la kutuma vifaa nyumbani huwajia kwa urahisi.

Haja nayo haina shaka. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF ya 2022 ilikadiria kwamba watu bilioni 2.5 duniani wanahitaji angalau kifaa saidizi kimoja, yaani kifaa chochote kinachomsaidia mtu kutembea, kuona, kusikia au kujihudumia, na kwamba katika baadhi ya nchi maskini ni asilimia 3 tu ya wahitaji wanaovipata. Nchini Kenya, sensa ya 2019 ilihesabu watu 916,692 wenye ulemavu miongoni mwa waliotimiza miaka mitano na kuendelea, na kundi kubwa zaidi, watu 385,417, lilikuwa la wenye shida ya kutembea. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata nyenzo na vifaa vya kumwezesha kukabiliana na vikwazo vya hali yake, na Baraza la Taifa la Watu wenye Ulemavu, lililoundwa chini ya sheria ya 2003, lina mfuko ambao sehemu ya fedha zake hununua vifaa hivyo. Hata hivyo haki iliyoandikwa na kifaa kilichofika mlangoni ni mambo mawili, na kwa familia nyingi kiti cha msaada ndicho pekee kitakachowahi kuingia nyumbani.

Kinachosahaulika ni ardhi ambayo kiti hicho kitakanyaga. Itumbe, eneo la kaunti ya Kisii ambalo wengi nje ya Gusii hulijua kwa kiwanda chake cha chai, ni nchi ya vilima na mabonde yaliyosongamana, ambako mvua hunyesha takriban mwaka mzima na udongo mwekundu hugeuka utelezi kwa saa moja tu ya manyunyu. Nyumba nyingi hukaa kwenye mteremko, barabara ya gari hupita juu mgongoni mwa kilima, na kutoka hapo hadi uani huwa ni kijia chembamba kati ya majani chai na migomba. Kiti cha kawaida cha hospitali, kile cha kukunjwa chenye magurudumu makubwa ya nyuma ya inchi 24 na madogo ya mbele yasiyotiwa upepo, kilibuniwa kwa sakafu laini ya ukumbi. Kikishushwa katika kijia kama hicho, magurudumu madogo huzama au hukwama kwenye jiwe, kiti husimama ghafla na aliyekalia hutupwa mbele.

Breki inastahili kutazamwa kwa karibu. Katika viti vingi vilivyotumika, breki ni kipande cha chuma kinachosukumwa kwa mkono hadi kiukandamize uso wa tairi, na nguvu yake yote hutokana na ugumu wa tairi hilo. Tairi likipungua upepo au likilika kidogo, chuma hakilifikii tena ipasavyo, na kiti ambacho kingetulia kwenye sakafu ya zahanati huanza kuteleza polepole kwenye mteremko wa uani. Pancha ambayo kwa mwendesha baiskeli ni usumbufu wa nusu saa, kwa mtu asiyeweza kuruka chini ni hatari ya mwili. Fundi anayejua jambo hili hulegeza skrubu za breki, huisogeza karibu zaidi na tairi na kuikaza upya, kazi isiyozidi dakika kumi, lakini aghalabu hakuna aliyemwambia mwenye kiti kwamba marekebisho hayo yanawezekana.

Vipuri navyo vina hadithi yake. Kiti kilichotoka Marekani mara nyingi huzunguka kwenye ekseli ya nusu inchi na beringi zake hupimwa kwa inchi, ilhali beringi zinazouzwa katika maduka ya vipuri ya mji wa Kisii kwa kawaida ni za milimita, kwa kuwa zimeagizwa kwa ajili ya pikipiki, mashine za kusaga na baiskeli. Tairi la inchi 24 lililo jembamba kama la kiti si rahisi kulipata mahali ambapo baiskeli za mizigo hutumia inchi 26 au 28. Mafundi wa jua kali hawakosi ubunifu, na wapo wanaoweza kuchonga bushi, yaani bomba dogo la chuma la kujaza nafasi kati ya ekseli na beringi, au kubadilisha gurudumu zima na kuchomelea uma mpya. Lakini ubunifu huo hugharimu fedha, na fedha hiyo huwa haimo katika bajeti ya aliyeleta kiti, ambaye kwa desturi huhesabu vifaa vilivyopakuliwa, si vinavyozunguka bado baada ya miaka miwili.

Vifaa vya umeme vimo katika fungu lingine la matatizo. Marekani hutumia umeme wa volti 120, Kenya volti 240. Mashine ya oksijeni iliyotengenezwa kwa soko la kule ikichomekwa moja kwa moja ukutani huungua, na transfoma ya kupunguza volti inayoweza kuibeba mashine hiyo mchana na usiku si ya bei ya mkulima mdogo. Kiti cha betri hakifai kabisa pale ambapo mteremko ni mkali na betri mpya haipatikani. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2011 kuhusu misaada ya vifaa tiba, lilieleza kwamba katika baadhi ya nchi ni asilimia 10 hadi 30 tu ya vifaa vilivyotolewa kama msaada ambavyo hatimaye hufanya kazi. Takwimu hiyo huhusu zaidi mitambo ya hospitali, na magongo ya mbao hayana volti, lakini inatosha kumfanya mwenye nia njema aulize kabla ya kupakia kontena.

Hata kiti kinachofaa ardhi kinaweza kumdhuru mtu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2008 kuhusu viti vya kusukumwa kwa mkono katika mazingira yenye uhaba uliweka hatua nane, tangu mhitaji anapoelekezwa kwenye huduma, akapimwa, akaandikiwa kiti kinachomfaa, fedha zikatafutwa, kiti kikatayarishwa, akakalishwa na kurekebishiwa, akafunzwa kukitumia, hadi kufuatiliwa na kutengenezewa. Sherehe za kugawa viti uwanjani, zinazopendwa mno na wanasiasa, huziruka karibu zote na kubakisha ile ya kupiga picha. Kiti kikiwa kipana mno, mtu huinamia upande mmoja na uti wa mgongo hupinda, jambo linalomuumiza hasa mtoto mwenye mtindio wa ubongo, yaani aliyepata madhara ya ubongo kabla, wakati au mara baada ya kuzaliwa, na ambaye misuli yake haimtii. Aliyevunjika uti wa mgongo naye hahisi maumivu ya kukaa, hivyo akikalia turubai tupu kwa saa nyingi, ngozi ya makalio hukosa damu, huoza na kuwa kidonda kinachoweza kufika kwenye mfupa. Wapo waliopona ajali wakauawa na kidonda cha namna hiyo. Mto wa sponji uliokatwa vizuri, pamoja na mafunzo ya kujiinua kwa mikono kila baada ya muda mfupi, huokoa maisha zaidi ya ung'avu wa kiti chenyewe, lakini mto ndio kitu cha kwanza kupotea kifaa kinapopakiwa kwa matumizi ya pili.

Afrika Mashariki haikungoja makontena ili iyajue haya. Chama cha Walemavu wa Viungo Kenya, kinachojulikana zaidi kwa kifupi chake cha APDK, kilianzishwa 1958, na karakana zake za Bombolulu mjini Mombasa, zilizofunguliwa 1969, zimewaajiri watu wenye ulemavu na zimeunda viti vya magurudumu kwa vyuma na sehemu zinazopatikana nchini. Mjini Moshi, Tanzania, chuo cha TATCOT kimekuwa kikiwafundisha mafundi wa viungo bandia tangu 1981, na baadaye kilishirikiana na shirika la Motivation la Uingereza kuwafundisha wataalamu wa viti vya magurudumu kutoka nchi nyingi. Viti vilivyobuniwa kwa mashamba na vijia huwa na gurudumu la mbele lililosogezwa mbali na miguu ili kiti kisipinduke, na mengi ya magurudumu yake ni ya baiskeli ambayo fundi yeyote wa kijijini anayajua. Kiti cha bure kutoka ng'ambo, kikishindana na kiti cha namna hiyo, humnyima fundi wa nchini mnunuzi, kisha kikivunjika hurudishwa kwa fundi huyohuyo ambaye huenda amekwisha kufunga karakana. Ni vigumu kuona jinsi hesabu hiyo inavyoitwa msaada.

Haimaanishi kwamba vifaa vya ng'ambo vikataliwe. Magongo ya alumini, fremu za kutembelea na viti vya choo havina cha kuharibika zaidi ya kofia za mpira za miguuni, na katika maboma yanayotumia choo cha shimo kilicho mbali na nyumba, kiti cha choo humpa mgonjwa na mlezi wake heshima ambayo dawa haiwezi kuinunua. Sheria ya usimamizi wa forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 inasamehe ushuru wa vifaa vya watu wenye ulemavu, ingawa gharama za bandari na za lori kutoka Mombasa hadi Gusii hazisameheki. Kinachofaa ni uchaguzi: vifaa vyepesi visivyo na umeme vije, viti vichache vya aina moja vije pamoja na vipuri vyake, na viti vilivyochakaa visije kabisa, kwani kiti kibovu kilichovuka bahari ni takataka iliyolipiwa nauli.

Lakini matumizi ya pili yaliyo muhimu kuliko yote ni yale yanayoweza kutokea ndani ya Itumbe yenyewe, na ndiyo yanayosemwa kidogo kabisa. Kifaa kilichotolewa kama zawadi huhesabiwa kuwa mali ya aliyepewa. Haja yake ikiisha, hubaki darini au nyuma ya nyumba, huku jirani wa kilima cha pili akimbeba mamaye mgongoni. Kifaa kikitolewa kwa mkopo badala ya zawadi, kikaandikwa nambari na jina la aliyekichukua katika daftari la idara ya viungo ya hospitali ya kaunti ndogo au la zahanati ya kanisa, kuna sababu ya kukirudisha. Eneo hili linaujua utaratibu wa aina hiyo, kwa kuwa mkulima hupimiwa majani chai katika kituo cha kijijini, kilo zake huandikwa kwa nambari yake, na hakuna anayeona ajabu. Vituo hivyohivyo, vilivyo kando ya barabara ambazo lori la kiwanda hulazimika kuzifikia, vingeweza kuwa mahali pa kurudishia magongo na viti bila mtu kulipa nauli ya kwenda Kisii.

Kifaa kinachorudi hakistahili kukabidhiwa siku hiyohiyo. Chuma huoshwa kwa sabuni kisha hupanguswa kwa maji ya klorini, husuuzwa na kukaushwa ili kisishike kutu. Mto wa sponji hautumiki mara ya pili, hukatwa mpya. Spoki zilizolegea hukazwa, beringi hupakwa grisi, breki hujaribiwa tairi likiwa na upepo na mtu akiwa amekalia, si kiti kikiwa kitupu. Kazi hiyo yote inamtosha fundi mmoja wa baiskeli aliyefunzwa na kulipwa ujira wa siku chache kwa mwezi, na kwa kuwa watoto ndio wanaovizidi viti upesi zaidi, viti vyao vidogo ndivyo vingeanza kuzunguka mapema na kumpa fundi huyo kazi ya kwanza.