Misri: Mwizi ambaye risasi zake ziliwapata maskini wenzake

Saïd Mahran anatoka gerezani na kukuta mke wake ameolewa na msaidizi wake wa zamani. Mtoto wake mwenyewe anamuogopa. Ndivyo inavyoanza « Al-Liss wal-Kilab », yaani « Mwizi na Mbwa », filamu ya Kamal El Sheikh iliyotoka mwaka wa 1962. Shukri Sarhan ndiye anayecheza mwizi huyo.

Lakini usaliti unaomuumiza zaidi ni wa Rauf Ilwan. Zamani, akiwa mwanafunzi, Rauf alimfundisha kwamba kuwaibia matajiri ni haki. Leo ni mwandishi wa habari mwenye jina na nyumba ya kifahari, na gazeti lake linawachochea raia dhidi ya Saïd.

Saïd anachukua bastola ili alipize kisasi. Risasi zake zinamuua mpangaji asiye na hatia, kisha mlinzi wa mlango wa Rauf. Wasaliti wanabaki wazima. Anayekubali kumficha ni Nur, mwanamke anayeuza mwili wake ili aishi, anayechezwa na Shadia.

Hadithi ni ya Naguib Mahfouz, mshindi wa tuzo ya Nobel mwaka wa 1988. Aliiandika akitazama kisa cha mwizi wa kweli aliyesakwa na polisi ya Misri mwaka wa 1960, miaka minane baada ya mapinduzi yaliyowaahidi wanyonge usawa.

Filamu haimsafishi Saïd, kwani aliua. Lakini inaonyesha kwamba aliyemfundisha kuiba hakufungwa hata siku moja.