Wanga Ndani ya Karatasi

Mwanafunzi anayepima wanga wa muhogo kwa iodini huenda akadondosha tone juu ya daftari lake, na papo hapo likatokea doa la buluu iliyokaribia weusi. Karatasi nyingi za kuandikia zina wanga ndani yake. Noti nyingi za benki, zinazotengenezwa kwa pamba, hazina. Ndiyo maana kalamu ya iodini hutumiwa kupambanua noti bandia.

Karatasi ni mkeka usiosukwa na mtu. Nyuzinyuzi za selulosi hutawanywa katika maji, huchujwa juu ya wavu, hukandamizwa na kukaushwa. Kila uzi una nguvu nyingi. Karatasi ichanikapo, aghalabu kinachoshindwa ni maungio baina ya uzi na uzi. Maungio hayo hushikwa na vifungo vya haidrojeni, ambavyo ni vingi mno, lakini kila kimoja ni dhaifu. Wanga umejengwa kwa glukosi kama ilivyojengwa selulosi. Kwa hiyo hushikamana nayo kwa vifungo vile vile, na kuyapanua maungio.

Taabu ni kuufanya ubaki. Wanga wa kawaida ukitiwa katika rojo, sehemu yake kubwa hupita wavuni pamoja na maji. Hiyo ni hasara kwa kiwanda, na ni balaa kwa mto: bakteria huula wanga huo huku wakimaliza oksijeni inayohitajiwa na samaki. Dawa ilipatikana katika umeme. Nyuzi zikiwa majini huwa na chaji hasi. Wakemia wakaufungia wanga vikundi vidogo vya nitrojeni vyenye chaji chanya, nao ukaanza kuzing'ang'ania nyuzi. Kilo 10 hivi kwa tani moja ya nyuzi huleta tofauti iliyo dhahiri. Wanga huo waweza kutoka katika mahindi, viazi, ngano au muhogo.

Anayefaidika zaidi ni mwenye kutengeneza katoni kwa karatasi kuukuu. Nyuzi zilizokwisha kukaushwa mara moja hukakamaa. Zikiloweshwa tena hazinyumbuki kama mwanzo, wala hazigusani vyema, na katoni huwa legevu. Wanga huirudishia sehemu ya nguvu iliyopotea.

Lakini wanga hauzuii maji. Katoni ikinyeshewa, maji hujipenyeza baina ya nyuzi, vifungo huachia, na mzigo huanguka. Mifuko ya saruji na karatasi za chai huhitaji gundi za namna nyingine, na hizo nyingi hutokana na mafuta ya petroli.