Mishahara Ilikoma, Watu Wakaendelea Kwenda Kazini

Mwaka 2003 serikali ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwa fedha za Benki ya Dunia, ilianza kuwaondoa wafanyakazi 10,655 wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, wengi wakiwa wanaidai kampuni mishahara ya miezi mingi. Mpaka wakati huo, katika miji ya Kolwezi, Likasi na Lubumbashi, wafanyakazi bado walikuwa wakifika kazini. Kwa nini?

Wapo waliobaki ili wasipoteze mishahara waliyodai, tusijidanganye. Lakini kazi hiyo ilikuwa imebeba mengi: nyumba, hospitali, shule ya watoto, mposho wa unga. Mfumo huo ulianza mwishoni mwa miaka ya 1920, Union Minière, kampuni ya Wabelgiji iliyoitangulia Gécamines, ilipochoka kubadilisha vibarua wa muda mfupi ikaamua kuwaweka wachimbaji kwa kudumu pamoja na familia zao. Kampuni ikaitwa baba na mama.

Utafiti mmoja unasaidia kujibu swali hilo. Mwanasaikolojia Mmarekani Edward Deci aliwapa wanafunzi chemshabongo za kuunganisha vipande. Kundi moja lililipwa, jingine halikulipwa. Malipo yalipoondolewa, waliokuwa wamelipwa walipungukiwa hamu ya kuendelea kucheza. Matokeo hayo, ya 1971, yalimwongoza yeye na Richard Ryan kwenye hoja kwamba binadamu hushikilia kazi akiwa na kauli juu yake, akijiona anaiweza, na akiwa miongoni mwa watu wanaomthamini.

Gécamines ilitosheleza haja mbili za mwisho: ufundi ulipandisha cheo, na kuitwa mtu wa Gécamines ilikuwa heshima mtaani. Ya kwanza, kauli juu ya kazi, iliwanyima. Baba huamua, mtoto hutii. Enzi za Union Minière hata usafi wa nyumba ulikaguliwa.

Leo mkoa wa Lualaba, uliko mji wa Kolwezi, unachimba kobalti kwa wingi kuliko mahali pengine popote duniani, na undugu ule wa kampuni na wafanyakazi umekatika. Ripoti ya 2021 ya mashirika ya RAID na CAJJ ilikuta kwamba, katika migodi mitano mikubwa, zaidi ya nusu ya wafanyakazi waliajiriwa kupitia wakandarasi. Walilalamikia ujira mdogo, ubaguzi, hata chakula na maji haba. Kumpa mtu anayefanya kazi katika hali hiyo cheti cha mfanyakazi bora ni dhihaka.

Wakubwa wa migodi wanaotaka ari waanze na mkataba mmoja kwa kazi moja. Kisha wamwachie fundi asimamishe mashine anapoona hatari, bila kuogopa kufukuzwa.