Je, Wajua Mchicha Una Haraka Kiasi Gani?

Gramu moja ya mbegu za mchicha ina punje zaidi ya 1,000. Punje ni nyeusi, inang'aa, na upana wake ni kama milimita moja tu. Ndani yake hamna akiba kubwa ya chakula, kwa hiyo mche ukishatoka hauna budi kujitafutia riziki mara moja. Tabia yote ya mmea huu inaanzia hapo: mchicha huishi kwa haraka, na anayeielewa haraka hiyo ataulima vizuri hata kama shamba lake ni ndoo mbili barazani.

Udongo ukiwa na joto na unyevu, mbegu huchipua ndani ya siku 3 hadi 5. Kufikia wiki ya nne unang'oa mboga ya kwanza, wakati sukuma wiki iliyosiwa siku hiyohiyo ndiyo kwanza inahamishwa kutoka kitaluni.

Nguvu hiyo inatoka wapi? Kila mmea wa kijani hunasa hewa ya kabonidayoksaidi na kuigeuza sukari kwa msaada wa jua. Kazi hiyo hufanywa na kimeng'enya kiitwacho rubisko, nacho kina udhaifu mmoja: joto likizidi hukosea, kikashika oksijeni badala ya kabonidayoksaidi, na mmea ukapoteza nguvu nyingi kurekebisha kosa hilo. Maharage, nyanya, spinachi na letasi zote zinasumbuliwa na jambo hili. Mchicha umelikwepa. Kwanza hunasa kabonidayoksaidi kwa kimeng'enya kingine ambacho hakichanganyi hewa hizo mbili, kisha huisukuma hadi kwenye seli zinazoizunguka mishipa ya jani. Huko ndani rubisko huikuta kabonidayoksaidi tele na haipati nafasi ya kukosea. Mahindi, mtama na miwa hutumia njia hiyohiyo, lakini hiyo ni jamii ya nyasi. Katika mboga zetu za majani mapana wenye uwezo huo ni wachache sana; mgagani ni mmojawapo.

Chuma jani lililokomaa, uliinue kuelekea kwenye mwanga na ulitazame kwa kioo cha kukuzia. Utaona mishipa imepakana na ukingo wa kijani kilichokolea kuliko sehemu nyingine ya jani. Hizo ndizo seli zenyewe. Kwa mkulima wa barazani, faida yake ni kwamba mmea hauhitaji kuacha wazi sana vitundu vyake vya kupitishia hewa, hivyo hupoteza maji machache kwa mboga inayotengenezwa. Jua la Dar es Salaam au Mombasa linaloifanya letasi irefuke, ichanue mapema na kuwa chungu, kwa mchicha ndilo jua lenyewe.

Kuusia hakuna ufundi mgumu, ila mambo mawili huharibu kazi ya wengi. La kwanza ni kufukia mbegu mno. Punje ndogo hivyo haina nguvu ya kupasua udongo mwingi, kwa hiyo nusu sentimita inatosha. La pili ni kuimwaga mahali pamoja. Changanya mbegu na mchanga mkavu ndipo unyunyize, nayo itasambaa. Chombo kiwe na kina cha shubiri moja na matundu chini, udongo uchanganywe na samadi iliyooza vizuri, kisha ukiweke panapopata jua saa 6 au zaidi kwa siku. Mwagilia kwa kopo lililotobolewa matundu madogo, maana maji ya kumimina huzoa mbegu. Miche ikisongamana, ipunguze. Usiitupe hiyo uliyoipunguza: majani yake ni laini na yanafaa sana kwenye kachumbari.

Haraka hiyo ina gharama yake. Maji yakikosekana, mmea huona mwisho umekaribia, ukakimbilia kuchanua, na majani yakawa madogo na magumu. Dawa yake ni kutouacha ukauke, na kuukata kabla ya kuchanua. Kata shina kama sentimita 15 kutoka ardhini, ukiacha majani machache chini, nalo litatoa matawi ya pembeni ya kuchuma kwa wiki kadhaa.

Aina nyingi za mchicha tunazokula asili yake ni Amerika. Waazteki wa Meksiko walilima mchicha wa nafaka, na mbegu zake zilikuwa sehemu ya kodi iliyopelekwa mji mkuu wao, Tenochtitlan. Ndugu mwingine wa mchicha, Amaranthus palmeri, leo ni gugu linalowatesa wakulima wa pamba na soya Marekani. Mmea mmoja wa kike huweza kutoa mbegu laki kadhaa, na katikati ya miaka ya 2000 ilithibitika katika jimbo la Georgia kwamba dawa ya magugu iitwayo glaifoseti haiuui tena. Baadaye watafiti walikuta baadhi ya mimea hiyo imeongeza nakala za jeni inayolengwa na dawa mpaka zaidi ya 100. Anayeuita mchicha mboga ya maskini hajaujua ukoo wake.

Jikoni nako kuna ya kujua. Gramu 100 za majani mabichi zina takriban miligramu 215 za kalisi, nyingi kuliko maziwa ya uzito huohuo. Namba hiyo isikudanganye: majani yana pia oksaleti, inayoifunga kalisi hiyo mwili usiipate yote. Kuyachemsha kidogo na kumwaga maji hupunguza oksaleti, lakini ukichemsha mno unapoteza vitamini C. Vitamini A iko katika umbo la karotini, ambayo hufyonzwa vizuri ikiwa na mafuta. Kwa hiyo waliotufundisha kuupika mchicha kwa tui la nazi au karanga walitupatia njia iliyo bora kabisa, na nyanya au ndimu juu yake husaidia mwili kufyonza madini ya chuma.

Kwangu mimi sababu kubwa ya kuotesha nyumbani ni kujua udongo na maji. Mwaka 1999 watafiti wawili walichapisha vipimo vya mboga zilizolimwa kando ya mito ya Sinza na Msimbazi, Dar es Salaam, vikionyesha madini mazito yakiwamo risasi na kadimiamu. Kuosha majani hakuondoi madini yaliyokwisha kupanda kutoka mizizini. Ukipanda kwenye ndoo yako, chagua ambayo haikuwahi kubeba rangi wala dawa, umwagilie maji safi, na uchume jioni kile utakacholisha watoto usiku huohuo.

Shina moja lililo zuri kuliko yote usilikate. Liache lichanue, na mashuke yakianza kukauka yapukuse juu ya gazeti, upepete makapi na uhifadhi mbegu kwenye chupa kavu. Shina hilo moja litakupa mbegu za msimu mzima, na za kuwagawia majirani.